Maksi za London, Gemu za Rongo

Kila Septemba inapoelekea ukingoni, kampuni ya EA ya Marekani hutoa gemu yake mpya ya kandanda, ambayo zamani iliitwa FIFA na sasa FC. FC 24 ilitoka tarehe 29 Septemba 2023, FC 25 ikatoka tarehe 27 Septemba 2024, na FC 26 tarehe 26 Septemba 2025. Wiki haiishi kabla wahakiki wa Uingereza na Marekani hawajaicheza na kuipa maksi, na maksi zenyewe zikasambaa kwenye simu za vijana wa kaunti za Migori na Homa Bay nchini Kenya: saba kwa kumi, nane kwa kumi, mara chache tisa. Gemu yenyewe hupita njia ndefu zaidi. Si ajabu kuingia chumba cha gemu Rongo, Awendo au Oyugis ukakuta PS3, mashine ambayo FIFA ya mwisho kutengenezewa ni FIFA 19, na ndani yake Messi bado ni wa Barcelona, Hazard ni wa Chelsea, na Ronaldo ndiyo kwanza ametua Juventus. Na benchi limejaa.

Mtu anaweza kusema hili ni suala la kuchelewa tu, kwamba gemu nzuri itafika siku moja na uzuri wake utakuwa palepale. Naona jambo ni zito kuliko hilo. Uhakiki wa gemu unaosomwa zaidi duniani huandikwa na mtu aliyekaa nyumbani kwake mbele ya mashine mpya, stima haikatiki, na intaneti hainunuliwi kwa megabaiti. Anachokipima ni gemu pamoja na hayo yote, ingawa juu ya makala huandika jina la gemu peke yake. Simaanishi kwamba amedanganya. Amejibu swali la msomaji wake, na msomaji wake hakai Kendu Bay. Kaunti hizi mbili zilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 2.2 katika sensa ya 2019, wengi wao vijana, na swali lao halijapata mwandishi wa kulijibu.

Ushahidi mkubwa kuliko wote waliutoa wahakiki wenyewe, bila kukusudia, Desemba 2020. Gemu ya Cyberpunk 2077 ya kampuni ya CD Projekt ya Poland ilikuwa imesubiriwa kwa miaka. Kabla haijatoka tarehe 10 mwezi huo, wahakiki walipewa nakala za kompyuta tu. Wakazicheza kwenye kompyuta zenye nguvu, wakaimwagia sifa. Kisha watu wa kawaida wakaiweka kwenye PS4, mashine ya Sony ya mwaka 2013. Picha zilisuasua, watu wa barabarani walijitokeza ghafla mbele ya macho, na gemu ikawa inajizima katikati ya kazi. Tarehe 17 Desemba, wiki moja tu baadaye, Sony iliiondoa kwenye duka lake la mtandaoni na kuahidi kurudisha pesa za wateja. Haikurudi dukani hadi Juni 2021. Wahakiki hawakuwa wamesema uongo kuhusu walichokiona. Ila gemu waliyoiona siyo ile iliyonunuliwa na mamilioni ya watu. Ulaya na Marekani mkasa huo ulizungumzwa kama kosa la kampuni moja iliyoficha toleo bovu, na kweli iliificha. Lakini kwa mchezaji wa Migori pengo lile kati ya gemu iliyosifiwa na gemu iliyo mkononi si ajali ya Desemba moja. Hulikuta kila mwaka, na hakuna anayemrudishia pesa.

Tazama hiyo hiyo gemu ya kandanda. FC 24 ya PS4 na FC 24 ya PS5 huuzwa kwa jina moja na kwa jalada linalofanana, lakini ile teknolojia ya HyperMotionV, iliyochota miondoko ya wachezaji kutoka kwenye mechi halisi na ambayo ndiyo iliyojaza aya za wahakiki, haikuwekwa kwenye PS4. Anayesoma kwamba wachezaji sasa wanageuka na kukimbia kama watu wa kweli, kisha akanunua diski ya PS4, amenunua sifa za mashine nyingine. Mambo haya hayakuanza jana. FIFA 18 na FIFA 19 za PS3 zilitolewa zikiwa na jezi mpya na orodha mpya za wachezaji, uchezaji ukiwa uleule. Mwaka 2020 tovuti ya IGN iliipa FIFA 21 ya mashine ya Nintendo Switch maksi mbili kwa kumi, na kwa kuwa kampuni ilikuwa imetoa tena gemu ya mwaka uliopita, tovuti nayo ikachapisha tena uhakiki wa mwaka uliopita. Huo ulikuwa uhakiki wenye makali, na sababu ya makali yake ni kwamba mwandishi alitaja mashine aliyochezea na akahukumu kilichokuwa mbele yake. Wasomaji wa PS3 huku kwetu hawakuwahi kufanyiwa hisani hiyo.

Mashine ni nusu ya hadithi. Nusu ya pili, ambayo kwangu ndiyo yenye utamu, ni namna ya kucheza. Mhakiki wa London humiliki gemu. Mchezaji wa Awendo huikodi kwa mechi. Analipa shilingi kumi au ishirini, anakaa kwenye benchi, anashika padi, na mpinzani wake amekaa bega kwa bega naye, si jina lililoandikwa kwenye kioo. Kanuni ya vyumba vingi inajulikana: anayefungwa ndiye anayelipa, na aliyeshinda anabaki na padi. Kanuni hiyo pekee inabadilisha gemu. Dakika za mchezo hupunguzwa kwenye mipangilio, kwa sababu nyuma yao kuna foleni, na kila dakika iliyozidi ni shilingi iliyompita mwenye chumba. Zile mbwembwe ambazo gemu mpya hujivunia, kamera ikifuata wachezaji kwenye njia ya kuingilia uwanjani, moshi, mabango, marudio ya bao kutoka pembe tatu, huku ni hasara. Mwenye chumba anataka kitufe cha kuziruka. Aliyefunga naye anataka marudio yaendelee hadi mwisho, amtazame mwenzake usoni. Ugomvi huo mdogo kati ya fedha na kejeli hutokea kila siku, na sijaona uhakiki unaouliza kama FC 26 imeupunguza au imeuzidisha.

Hesabu ni rahisi. Gemu mpya ya PS5 huuzwa dola 70, ambazo kwa bei ya dola ya miaka hii miwili ni kama shilingi 9,000. Mechi ikiwa shilingi 20, mwenye chumba anahitaji mechi 450 kurudisha bei ya diski peke yake, kabla ya kodi, kabla ya stima, kabla ya padi ambazo vijiti vyake huchakaa kwa vidole vya watu wengi mpaka mchezaji anajikimbilia mwenyewe pembeni bila kuguswa. Swali lake si kama FC 26 ni nzuri. Swali ni kama ni nzuri kuliko FC 24 kwa kiasi cha mechi 450. Kwa PS4 jibu langu ni hapana, isipokuwa wateja wamegoma kwa sababu ya usajili: mtu anayemtaka Mbappé ndani ya jezi ya Real Madrid hatakubali kumchezesha PSG, hata miondoko iwe mitamu vipi. Kwa hiyo kinachouza gemu ni orodha ya wachezaji, jambo ambalo wahakiki wengi hulimaliza kwa sentensi moja ya dharau, kwamba ni gemu ya mwaka jana iliyobadilishwa majina. Dharau hiyo ina haki London. Hapa majina ndiyo bidhaa.

Upande wa pili wa mizani unashangaza zaidi. Lalamiko kubwa la wahakiki dhidi ya gemu hizi, mwaka baada ya mwaka, ni Ultimate Team: ule mfumo wa kufungua pakiti za kadi za wachezaji bila kujua ndani kuna nani, ambao unaweza kuendeshwa kwa pesa halisi. Lalamiko hilo ni la haki. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba pakiti za namna hiyo ni kamari, na kuanzia Januari 2019 EA ikaacha kuuza pointi zake nchini humo. Lakini kwenye chumba cha gemu ambacho PS4 yake haijaunganishwa na mtandao, Ultimate Team haipo. Kilichopo ni Kick Off, mechi ya kawaida ya watu wawili kwenye televisheni moja, ile sehemu ambayo uhakiki huigusa kwa aya fupi, ikibahatika. Matokeo yake ni kwamba msomaji wa Homa Bay anaonywa kwa ukali kuhusu ugonjwa asioweza kuambukizwa pale alipo, na haambiwi lolote kuhusu chakula anachokula kila siku. Onyo hilo lingemfaa mdogo wake mwenye simu, maana FC Mobile na eFootball nazo zina vishawishi vya aina hiyo. Ila uhakiki wa gemu za simu huandikwa mara chache, na kwa haraka.

Simu inastahili nafasi yake, kwa sababu ndiyo mashine ya gemu iliyo mikononi mwa wengi. Kampuni ya Konami ilipoiacha gemu yake ya kandanda ya PES na kuleta eFootball 2022, tarehe 30 Septemba 2021, ilipokelewa kwa kicheko dunia nzima. Sura za wachezaji zilikuwa za kutisha, mpira ulipita katikati ya miguu ya watu, na kwenye duka la Steam ikawa miongoni mwa gemu zilizokataliwa zaidi na wachezaji wenyewe. Kesho yake Konami ikaomba radhi, na toleo lililorekebishwa likachukua hadi Aprili 2022. Hukumu hiyo ilikuwa sahihi kwa toleo lile la kompyuta na mashine kubwa. Tangu wakati huo gemu imerekebika, ni ya bure, na pasi zake, kwa maoni yangu, zina utulivu ambao FC haina. Kasoro yake kwa mchezaji wa Mbita au Isebania ni nyingine kabisa: haikubali kuchezwa bila intaneti, hata unapocheza na kompyuta. Bando likiisha dakika ya 80, mechi imekwisha. Gemu ya bure inayokula bando kila siku si ya bure, na mhakiki ambaye nyumbani kwake hakuna kitu kinachoitwa bando hawezi kuliona hilo hata awe na macho makali namna gani.

Ndiyo maana vijana wengi wenye simu za Tecno, itel na Infinix wamegeukia njia ambayo haimo kwenye orodha yoyote ya gemu mpya. Wanachukua programu ya PPSSPP, inayoigiza mashine ndogo ya PSP ya mwaka 2004, wanaingiza ndani yake PES ya zamani ambayo mafundi wa mitandaoni wameivisha jezi za msimu huu na usajili wa juzi. Sheria ya hakimiliki hailipendi jambo hilo na sitajaribu kulitetea. Nasema tu kwamba kwa kazi inayoifanya, hiyo ndiyo gemu mpya ya mwaka kwa sehemu kubwa ya vijana, na inapimwa vikali: faili ina ukubwa gani, inakwama kwenye simu ya RAM ndogo au haikwami, betri inashuka kwa kiasi gani, majina ya wachezaji ni sahihi, inachezeka bila mtandao. Hivyo ni vigezo vya kweli. Vinatumiwa kila siku kwa mdomo na watu wanaojua wanachokisema, na havijaandikwa popote.

Kuna kigezo kingine ambacho uhakiki wa nje hauwezi hata kukifikiria, nacho ni kama gemu inauzwa kwako. Helldivers 2, gemu ya Sony, ilitoka tarehe 8 Februari 2024, ikasifiwa kila mahali, ikauzwa kwa mamilioni. Tarehe 3 Mei Sony ilitangaza kwamba wachezaji wa kompyuta ni lazima wawe na akaunti ya PlayStation. Orodha ya nchi ambazo akaunti hiyo inaweza kufunguliwa kihalali haina Kenya. Kusini mwa Sahara ina Afrika Kusini tu, na Mkenya mwenye PlayStation amezoea kujiandikisha kana kwamba anakaa Marekani au Uingereza. Mara moja gemu ikaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170. Wachezaji wa dunia nzima walikasirika, wakaandika maoni mabaya zaidi ya laki mbili kwenye Steam, na ndani ya siku chache Sony ikarudi nyuma. Lakini mwezi huohuo Ghost of Tsushima ilipotoka kwa kompyuta, ilifungiwa nchi zilezile. Wahakiki waliipa maksi za juu, na walistahili kuipa. Ni maksi za gemu ambayo mtu wa Migori mwenye kompyuta nzuri, mwenye pesa mkononi na nia safi ya kulipa, aliambiwa haiuzwi kwake. Baadaye Sony ililegeza masharti. Jambo hilo likumbukwe kila mara inaposemwa kwamba Waafrika hawapendi kununua gemu.

Hoja hiyo ya ununuzi ndiyo pingamizi la kwanza ninalolitarajia. Itasemwa kwamba vyumba vya gemu vimejaa mashine zilizofunguliwa kufuli na diski zisizo halali, kwamba watu hao si wateja, na kwamba hakuna anayewajibika kuwaandikia. Sehemu ya kwanza ni kweli kwa vyumba vingi. Sehemu ya mwisho inachanganya kazi mbili. Kampuni inawajibika kwa mteja wake. Mhakiki anawajibika kwa msomaji wake, naye msomaji anaweza kuwa amekodi, ameazima au amekaa tu kwenye benchi akisubiri zamu. Hatujawahi kusema kwamba mchambuzi wa mpira redioni ahesabu kwanza nani amekata tiketi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kwamba gemu ni kazi ya sanaa, na sanaa haipimwi kwa stima wala bando; riwaya nzuri ni nzuri hata ikisomwa kwa koroboi. Nakubali kwamba kuna thamani katika gemu isiyotegemea mahali: ubora wa hadithi, ubunifu wa kanuni, ustadi wa pasi ya mwisho. Lakini riwaya haibadiliki maneno kwa sababu taa ni hafifu. Gemu hubadilika. Cyberpunk ya PS4 ilikuwa na picha nyingine, mwendo mwingine na mwisho mwingine, kwa wale iliojizima mikononi mwao. Stima ikikatika dakika ya 70 ya Kick Off, mechi haiwezi kuendelezwa pale ilipoishia, na chumba kizima kitabishana nani alipe. Mnamo 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima ilikaa gizani kwa saa nyingi. Kukatika kwa muda mfupi hakutangazwi hata kwenye habari. Uwezo wa kuhifadhi mechi kila dakika ni uamuzi wa mbunifu, uliomo ndani ya kazi yake kama ulivyo uamuzi wa rangi ya nyasi. Kwa nini rangi ya nyasi iwe sanaa na huu usiwe?

Hata ile thamani inayodhaniwa kuwa haina mahali huwa na mahali. Chukua leseni. EA ilijigamba kwamba FC 24 ina wachezaji zaidi ya 19,000, timu zaidi ya 700 na ligi zaidi ya 30, na wahakiki huihesabu hiyo kuwa nguvu yake kubwa. Hakuna timu ya Kenya hata moja. Gor Mahia, klabu iliyoanzishwa 1968 na kupewa jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa, huko Ndhiwa, haimo. SoNy Sugar ya Awendo, mabingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2006, hawajawahi kuwemo. Harambee Stars, timu ya taifa, hawamo. Wala tusiambiwe kwamba haiwezekani: gemu ya Kombe la Dunia la 2014, iliyotengenezwa na EA hiyohiyo kwa ajili ya PS3 na Xbox 360, iliingiza timu zote 203 za taifa zilizoshiriki michuano ya kufuzu, Kenya ikiwa mojawapo. Mhakiki wa Ndhiwa angeanza na jambo hilo. Mhakiki wa London hana sababu ya kulikumbuka, na simlaumu.

Kuna watakaosema kwamba hata tukikubali yote haya, uhakiki wa vyumbani hauna kina. Ni "iko fiti" na "ni takataka", na afadhali maksi za mtu aliyezoea kucheza mamia ya gemu kuliko kelele za mtu anayejua mbili. Ni kweli kwamba aliyecheza FIFA pekee hawezi kujua FIFA inakosa nini. Aliyezoea gemu nyingi huona kinachorudiwa na kinachoibwa, na ujuzi huo hatuna budi kuuheshimu. Ila maksi zenyewe zisitukuzwe kupita kiasi. Mwaka 2010 kampuni ya Obsidian iliyotengeneza Fallout: New Vegas ilikosa bonasi kwa sababu wastani wake kwenye Metacritic, tovuti inayojumlisha maksi za wahakiki, ulikuwa 84, ilhali mkataba ulitaka 85. Nukta moja, iliyokokotolewa kutoka kwa maoni ya watu ambao hata wao hawangeweza kuitofautisha 84 na 85 kwa ladha. Namba ya aina hiyo ni chombo cha biashara kabla ya kuwa ushauri kwa mchezaji.

Wala mizani hizi mbili hazigombani siku zote, na mahali zinapokubaliana pana faida ya kutazamwa. Balatro, gemu ya karata iliyobuniwa na mtu mmoja wa Kanada, ilitoka Februari 2024, ikasifiwa na wahakiki karibu wote, na Septemba mwaka huo ikaja kwenye simu. Faili yake ni ndogo. Haihitaji mtandao, haiharakishi mtu, stima ikikatika haijali. Unapanga mikono ya poka, unakusanya kadi za jokari zinazopindisha kanuni, na pointi zinapanda kwa namna inayofurahisha hata usipoijua poka vizuri. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo gemu ya miaka ya karibuni inayofaa zaidi simu ya mtu wa Homa Bay, na karibu hakuna anayeizungumzia hapa, kwa sababu haina Haaland ndani yake. Mhakiki wa kwetu angekuwa na kazi ya kuisukuma mbele.

Balatro hiyohiyo inanisaidia kumjibu mzazi, ambaye pingamizi lake ni kwamba gemu zinapaswa kufungiwa, si kuandikiwa makala. Hofu yake juu ya watoto wanaokwepa shule wakaishia vyumbani ina msingi. Lakini anategemea nini kujua kipi ni kipi? Taasisi ya PEGI ya Ulaya, inayopanga gemu kwa umri, iliipa Balatro alama ya miaka 18 kwa sababu ya sura ya poka, ingawa hakuna hata senti ya kweli inayochezewa kamari ndani yake. Februari 2025 ikaishusha hadi 12. Wakati huo gemu ya kandanda yenye pakiti za kununua kwa pesa ilikuwa na alama ya miaka 3. Na GTA V, yenye alama 18 tangu 2013, huchezwa na watoto wa shule ya msingi kwenye benchi lilelile la FIFA bila mtu mzima kuuliza. Mzazi anayetaka kufunga chumba na mzazi anayetaka kukiacha wote wawili wanamhitaji mtu aliyekaa nayo gemu, akaijua, na kueleza kwa lugha wanayoielewa ndani mna nini.

Mtu huyo hahitaji ofisi Nairobi. Vituo vya redio vinavyosikika katika kaunti hizi vina saa za kuchambua Ligi Kuu ya Uingereza hadi mstari wa mwisho wa mabeki. Robo saa ya gemu haitavunja ratiba. Anachohitaji ni kuanza kila uhakiki kwa kutaja mashine, mtandao, bei na idadi ya wachezaji kwenye benchi, na ndipo aseme kama gemu ni nzuri. Jaribio lake kubwa liko njiani. GTA VI imepangiwa tarehe 19 Novemba 2026, baada ya kuahirishwa mara mbili, na imetangazwa kwa PS5 na Xbox za kizazi kipya pekee. Maksi zake zitakuwa kwenye simu za Migori asubuhi hiyohiyo. Mwenye chumba mwenye PS4 tatu atataka kujua kama auze mbili anunue PS5 moja, inayokula karibu wati 200 ikiwa kazini, kwa ajili ya gemu ya mtu mmoja, isiyo na mechi ya dakika nane ya kutoza shilingi ishirini. Atoze kwa saa? Na wale wanne wanaosubiri watakaa wakitazama nini?